Si Hii Kioo, Ni Hiki Kioo

Katika makumbusho ninakofanya kazi hapa Columbus kuna kioo kimoja cha Kichina, cha kale mno, na kila kundi la wanafunzi ninalolizungusha huniuliza swali lilelile: kioo chenyewe kiko wapi? Wanachoona ni sahani ya shaba iliyoingia ukijani, imenakshiwa ndege na matawi ya mzabibu, na katikati ina kifundo chenye tundu la kupitishia uzi. Pa kujitazama hapaonekani. Nawaambia huo ni mgongo. Uso wake umeelekezwa ukutani kwa sababu umeshafubaa na hauonyeshi kitu, ilhali mgongo bado unapendeza. Wanaridhika, tunahamia kwenye vyungu.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kule Iringa kabla ya kuja Marekani, na ualimu haukunitoka. Kitu nikishakijua lazima nikifundishe, atake asitake aliye karibu. Mume wangu husema nikifungiwa chumbani na nzi, nzi atatoka anajua ngeli zote. Kwa hiyo kioo kile nilikisomea kweli kweli. Nikajua kwamba Wachina wa kale walichanganya shaba na bati, wakasugua upande mmoja mpaka uso wa mtu ukatokea. Shida ni kwamba shaba haikai ilivyo. Pumzi, jasho la vidole, unyevu wa nyumba, vyote vinaifubaza. Ilibidi kioo kisuguliwe tena na tena, na walikuwapo mafundi waliopita mitaani wakiitwa majumbani kwa kazi hiyo tu. Wenye kutafakari wakaona humo habari ya moyo: wema wa mtu haukamiliki siku moja ukawekwa kabatini, unafubaa, na mwenyewe ndiye wa kuusugua. Wakaenda mbele zaidi wakasema hata binadamu mwenzako ni kioo. Unamtazama ili ujirekebishe wewe, si yeye.

Nililipenda wazo hilo kama mtu anavyopenda gauni aliloliona dukani, bila kulijaribu mwilini. Tena sisi wenyewe tunalo neno letu. Mwimbaji, mchungaji, mwalimu, yeyote anayetazamwa na watu, tunamwambia yeye ni kioo cha jamii, ajitunze. Mimi niliambiwa hivyo mara nyingi, na sijawahi kubisha.

Basi binti mmoja aliponipigia simu kutoka Louisville, akaniomba mimi na mume wangu tusimame na ndoa yake, nilijiona nimefika. Sisi Watanzania tungesema wasimamizi. Wao Wakongo wanasema parrain na marraine, na hao si watu wa kupendezesha picha tu. Ndio maharusi watakaowakimbilia siku nyumba itakapowashinda.

Binti huyo tulimjua tangu tulipokuwa tukiishi Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, miaka yetu ya mwanzo. Walikaa ghorofa ya chini yetu, yeye na shangazi yake, Wabembe kutoka Fizi waliopitia kambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa huku. Wazazi hakuwa nao. Shangazi ndiye aliyemlea. Shangazi alikuwa mjane, anafanya kazi kiwandani, na akitusikia tumerudi alikuwa anapanda ngazi na bakuli la sombe, yaani kisamvu, bila kuombwa. Binti alikuwa anakuja kwetu kufanya kazi zake za shule. Mimi nilimsaidia insha. Mume wangu alimpeleka shule kwa gari siku za barafu.

«Mie sijaonaka nyumba yenye bwana na bibi beko pamoja, mupaka kwenu,» aliniambia kwenye simu. Bwana na bibi kwao ni mume na mke, na donc ni basi. «Donc, marraine, nataka niwaangalie nyinyi, nijue namna banafanyaka.»

Mchumba wake alikuwa Buffalo, na ndoa ingefungwa huko. Lakini kwanza kulikuwa na sherehe ya kumuaga, Louisville, kwenye ukumbi wa kukodi. Nikaombwa nitoe nasaha.

Nilizungumza juu ya kioo cha shaba, na nilizungumza vizuri, siwezi kudanganya. Nilisema ndoa inafubaa kwa pumzi za kila siku. Nilisema mumeo ni kioo chako, mkeo ni kioo chako, ukiona doa usianze kumsugua yeye, jitazame wewe kwanza. Akina mama walipiga vigelegele. Mshereheshaji alinyakua kipaza sauti akapiga kelele, «Huyu mama ni kioo cha jamii!», kisha akanirudishia ili nimalizie.

Hapo shangazi akasimama kwenye meza kuu. Alikuwa amevaa kitenge kipya na furaha ilikuwa imemjaa usoni.

«Mama, aksanti sana,» alisema. «Sasa hii kioo ya shaba, iko ya ile Shaba yetu? Ya Congo, kule Kalemie? Donc, ba-Chinois balianza zamani kubeba bintu yetu!»

Zamani jimbo la Katanga liliitwa Shaba, na shangazi alikulia nyakati hizo. Leo najua kwamba alikuwa anatania, na utani wenyewe ulikuwa mzuri, kwa sababu hakuna Mkongo asiyejua Wachina wanayapeleka wapi madini yake. Alikuwa ananipokea maneno yangu kwa mikono miwili na kuyatia chumvi ya kwao. Mimi nilisikia ngeli tu. Nilisikia «hii kioo», nilisikia «bintu yetu», na damu ikanipanda kama darasani.

«Kwanza, mama, si hii kioo, ni hiki kioo,» nilisema, kipaza sauti kikiwa mdomoni. «Si bintu yetu, ni vitu vyetu. Pili, shaba ni madini, si jimbo. Tujitahidi kuelewa kabla ya kuuliza.»

Meza ya Watanzania ilicheka. Vijana wakacheka, hata wale ambao Kiswahili chao wenyewe ni cha kuokoteza. Shangazi alisema, «Pardon, mama,» akakaa, akavuta kitenge akajifunika mabega. Mume wangu alikuwa ameinamia sahani yake.

Tulipokuwa njiani kurudi Columbus ndipo alipofungua kinywa.

«Umemwaibisha mama wa watu.»

«Nimemwelimisha.»

«Mbele ya ukumbi mzima? Siku ya mwanawe? Mama Iringa, wewe hata mimi unanisahihisha nikiwa nasali.»

Hilo lilikuwa kweli. Ila lilinichoma, na mimi nikichomwa ulimi wangu hauchagui. Mume wangu analea wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Nilimwambia mtu ambaye kazi yake ni kubadilisha nepi za wazungu hana la kunifundisha kuhusu heshima.

Alipunguza sauti ya redio, ingawa ilikuwa chini tayari. Tulipofika nyumbani kwetu Clintonville alichukua mto na blanketi akaenda kulala kwenye kochi la sebuleni, na hapo akahamia. Tukanuniana kwa wiki kadhaa. Chai aliniwekea kila asubuhi, kwenye kikombe changu, na neno hakusema. Mimi, kwa akili zangu timamu, nilikuwa namsubiri aniombe radhi.

Binti alikuja kwa basi siku mbili kabla ya harusi, gauni lake likiwa ndani ya mfuko mrefu alioubeba mikononi kama mtoto aliyelala. Mpango ulikuwa alale kwetu, kesho yake tumpeleke Buffalo. Aliingia sebuleni akatafuta pa kuliweka gauni, akaona mto na blanketi vimekunjwa pembeni mwa kochi.

«Marraine,» aliuliza polepole, «parrain analalaka hapa?»

«Anakoroma,» nikasema. «Mno. Nyumba nzima haikaliki.»

Mume wangu alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Niliona aibu, lakini uongo ulikuwa umeshatoka, tena ulikuwa umekaa vizuri.

Asubuhi nikampeleka binti makumbusho. Alikuwa ameniomba yeye mwenyewe, anataka kukiona kioo nilichokihubiri. Alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, akakitazama kwa muda. Yeye hakuuliza pa kujitazama ni wapi. Aliuliza jambo lingine.

«Shangazi anapaswa kunibariki pale kanisani. Njo yeye alinilea. Sasa anakataa kusema.» Njo kwao ni ndiye.

«Anakataa kwa nini?»

«Anasema Kiswahili yake iko mubaya. Toka ile siku hasemi tena mbele ya watu. Hata kwa kikundi ya bamama, yeye alikuwa anaongozaka sala, ameacha.» Akanigeukia. «Marraine, mumupigie simu. Neno moja tu. Kama mutasema, atasikia. Mimi bila baraka yake, nitaingiaje kwa ndoa?»

Lilikuwa jambo dogo kuliko yote niliyowahi kuombwa. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Na nilikuwa nimesimama mbele ya kitu kilekile nilichokitumia kuwaambia watu mia wajitazame kwanza. Nilichosema ni hiki: «Sikumtukana. Nilimsahihisha. Ningekuwa mimi nimekosea ningependa nisahihishwe.»

Binti alitikisa kichwa, si kwa kukubali. Akauliza kama kuna choo karibu. Nilibaki peke yangu na ule mgongo wa kioo na ndege wake, na najua nilichofanya: nilianza kupanga hoja zaidi.

Tuliondoka mchana. Mimi nilikaa mbele na mume wangu, binti nyuma pamoja na gauni. Ni mwendo wa saa tano na zaidi, na ukimya wetu ulikuwa umejaa gari. Tulipolipita jiji la Cleveland, binti alijaribu kuchangamsha.

«Parrain, marraine anasema unakoroma sana. Na mume wangu akikoroma nitafanya nini?»

Mume wangu alipunguza mwendo.

«Sikoromi, mwanangu,» alisema. «Tumenuniana. Toka siku ya sherehe yako. Mama yako alinikwaza, na mimi badala ya kukaa naye tuyamalize nimekimbilia kwenye kochi. Nami nina kosa. Sikutaka uingie kwenye ndoa ukidhani kwetu hakuna mambo.»

Nilitazama nje dirishani. Kulikuwa na mashamba ya mizabibu yameshikizwa kwenye waya, mstari baada ya mstari. Nilitamani nishuke nibaki hapo. Sikuwa na hasira naye hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana hasira ningejua pa kuipeleka.

Binti alisema, «Aksanti, parrain,» kwa sauti ya kawaida kabisa, na hakuniuliza mimi kitu.

Karibu na Buffalo nikamwambia mume wangu, nikitazama mbele, kwamba nitamwomba shangazi radhi. Alisema, «Vizuri.» Nikaanza kuyapanga maneno kichwani. Nilitaka yawe maneno yanayofaa. Kufika mjini nilikuwa na hotuba.

Shangazi tulimkuta Grant Street, kwenye duka la Mkongo mmoja, anachagua dagaa wakavu kwa ajili ya wapishi. Alikuwa ametangulia kutoka Louisville na watu wa kanisa lao. Alinisalimu kwa kuinamisha kichwa. Binti alisimama kando ya magunia ya unga wa muhogo, na mume wangu akabaki mlangoni.

«Mama,» nilianza, «nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilikuvunjia heshima mbele ya wageni wako, na kauli yangu haikustahili.»

Alinitazama, na uso wake ukalegea. Akaweka dagaa chini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono ilikuwa migumu, ya kazi.

«Hapana, mama,» alisema, taratibu, akitafuta kila neno. «Mie sikukuwa na hasira. Wewe ulinisaidia huyu mutoto. Mie, bon... mie nilisikia haya tu. Nilisikia haya sana.»

«Niliona haya,» nikasema.

Lilitoka lenyewe. Naapa lilitoka lenyewe. Sisi tunaona haya, wao wanasikia haya, na mdomo wangu ulikuwa umeshasahihisha kabla sijajua kwamba mama huyu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alikuwa ananifungulia moyo kwa Kiswahili. Alikuwa amenisamehe. Alikuwa katikati ya kunisamehe, nami nikampa alama.

Mikono yake ililegea, akaiondoa. Hakusema pardon safari hii. Aliokota pakiti zake za dagaa akaenda kwenye kaunta.

Nilimgeukia binti nikakuta ananitazama, na machozi yamemlenga. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Kulikuwa na kitu ambacho nimewahi kukiona kwa wanafunzi wanapogundua kwamba mwalimu hajui hesabu anayoifundisha.

Tulipotoka nje akanivuta pembeni, kwenye njia ya waenda kwa miguu, watu wanatupita na mifuko yao. Alizungumza na mimi kwa adabu zote.

«Marraine, usikasirike. Nitaongea na mchungaji. Nataka shangazi njo asimame na parrain kesho.»

«Lakini wao si mume na mke.»

«Najua,» alisema. «Lakini nitajua namna ya kuwaangalia.»

Sikubisha. Ningeweza kumwambia desturi inataka nini, ningeweza kumwambia wageni watasema nini, maneno ninayo siku zote. Nilisema sawa. Ndani ya gari mume wangu aliniwekea mkono wake juu ya goti langu.

«Ulikuwa umefika,» alisema. «Ulibakiza kunyamaza tu.»

Nikalia mpaka nikaishiwa, na yeye hakuuondoa mkono. Nilimwomba radhi kwa lile la nepi. Nilimwomba vibaya, kwa maneno yaliyokatikakatika, bila mpangilio wowote, na akaniambia amesikia. Usiku ule, pale tulipofikia Buffalo, hakutafuta kochi. Kwa upande wake tulikuwa tumeanza kupona. Lakini mwenye kuumia zaidi hakuwa yeye.

Harusi ilikuwa nzuri. Mimi nilikaa safu ya katikati, kati ya watu nisiowajua, na mama mmoja aliyekaa kulia kwangu aliniuliza mimi ni nani kwa maharusi. Nilimwambia ni jirani wa zamani. Mbele, mume wangu alisimama ndani ya suti yake ya kijivu, na pembeni yake shangazi, amejifunga kilemba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mchungaji alipouliza nani anasimama na vijana hawa, waliitikia pamoja.

Kisha akasema sasa mzazi atoe baraka. Shangazi alishika kipaza sauti. Kanisa zima lilikuwa la Waswahili, Wakongo, Warundi, Watanzania wachache, na wote walitulia wakimngoja. Alizungusha macho taratibu mpaka yakanipata, yakapita.

Akabariki kwa Kibembe.

Minong'ono ilianza nyuma yangu, watu wanaulizana anasema nini, kwa nini asitumie Kiswahili tusikie sote. Binti alikuwa amepiga magoti na shangazi amemwekea mkono kichwani, na maneno yalitoka kwa wingi, bila kusita, kwa sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alitamka, akacheka katikati, akafuta macho, akaendelea. Wazee wachache waliitikia. Bwana harusi mwenyewe hakuelewa. Alikuwa anamwangalia bibi harusi usoni ili ajue lini aseme amina. Mama wa kulia kwangu akaninong'oneza, «Huyu hajui Kiswahili?»

«Anakijua,» nilisema. «Anakijua vizuri.»

Baadaye tulipanga foleni kuwapongeza. Nilimkumbatia binti, nikampa mkono bwana harusi, nikafika kwa shangazi. Nilikuwa nimeamua kwamba chochote atakachoniambia, kwa vyovyote atakavyokisema, nitakipokea nikae kimya. Nilimshika mkono nikangoja.

Alinitazama. Nikaona midomo yake inaanza neno, ikaliacha. Halafu akasema asante kwa kuja, kwa Kiingereza, kile Kiingereza chake kidogo cha kiwandani, nami nikamjibu kwa Kiingereza.